Mama Mkwe na Maji ya Lenzi Yangu

Mama mkwe wangu hana alama za vidole. Sisemi hivyo kwa mafumbo. Wakati ule tulipotakiwa kusajili upya laini za simu kwa vidole, nilimpeleka kwenye meza ya wakala huku Rahaleo, mjini Mtwara, ninakoishi, na binti wa pale akamwekea kidole gumba juu ya kile kioo kidogo chenye mwanga. Mashine ikakataa. Akafutwa kwa kitambaa, ikakataa. Akapakwa spiriti, akapanguswa kwa pindo la kanga yake mwenyewe, tukamaliza mkono wa kulia tukahamia wa kushoto, na foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mama akageuka, akawaambia kwa utulivu kabisa kwamba kama serikali imemkosa kwenye vidole, basi imtafute kwenye visigino. Foleni nzima ikacheka. Mwishowe laini yake ilisajiliwa kwa kidole changu, na mpaka leo, kwenye karatasi, namba anayoitumia ni yangu.

Vidole vyake vililiwa na korosho. Anayeijua korosho kwa kuila kwenye pakiti hajui kilichomo ndani ya ganda lake. Mna mafuta meusi, mazito, makali, na yakikugusa yanababua ngozi. Ukifanya kazi hiyo msimu baada ya msimu, ncha za vidole zinachunika, zinaota ngozi mpya, zinachunika tena, mpaka zinakuwa laini na zinang'aa kama kijiko. Mama amebangua korosho tangu akiwa mwali kule Mahurunga, ambako wazazi wake walihamia wakitokea ng'ambo ya Ruvuma, wakavukia Kilambo na mizigo kichwani. Kwa kubangua amelea watoto sita. Hajui kusoma wala kuandika. Mimi ni mwalimu, na ndiye mwanamke ninayemhusudu kuliko wote, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa nimeshusha mabega kidogo.

Kwangu tatizo lilikuwa macho. Konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, kwa watu wengi ina mviringo mzuri. Yangu imechongoka. Miwani haikunisaidia kitu, nilikuwa naandika herufi moja ubaoni naona tatu. Jicho la kulia nililichelewesha hospitali kwa ubishi wangu, likaota kovu, na sasa linaniletea watu kama walio nyuma ya chandarua. Kazi yote inafanywa na jicho la kushoto, likiwa limevaa lenzi ngumu, kidude kidogo kuliko kifungo cha shati. Siku daktari wa macho aliponivalisha kwa mara ya kwanza nilisoma tangazo la ukutani kwake mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa, kisha nikalia. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, aliningoja nimalize. Halafu akaniambia kwamba nimebaki na jicho moja la kusomea, na kwamba ugonjwa ukiingia kwenye konea ile, nitauaga ubao.

Lenzi yenyewe haikuniumiza kichwa kama maji yake. Tunayaita maji, lakini ni dawa: ndiyo inayosafisha lenzi, inaua vijidudu, na inailoweka usiku kucha ikiwa imetulia kwenye kikasha chake. Hapa Mtwara hayako kila duka la dawa. Ukiulizia, mara nyingi unapewa dawa ya matone ya macho mekundu na kuhakikishiwa kwamba ni hiyo hiyo. Yalikuwa yakipatikana kwenye duka moja la miwani karibu na soko, na yakiisha pale, mpaka yaagizwe Dar es Salaam yaje na basi. Bei yake ilinifanya niishike ile chupa kwa mikono miwili.

Basi nikajifanya mjanja. Nilinunua chupa kubwa kuliko zote kwa sababu kwa kipimo inatoka rahisi, nikaitumia hata baada ya miezi iliyoandikwa kupita. Asubuhi nikishavaa lenzi sikuyamwaga yale maji ya usiku. Niliyaacha kikashani, na jioni nikaongezea matone machache juu yake, kikasha kijae. Kikasha nilikuwa nacho kile kile cha siku ya kwanza. Nilijivuna kwa mume wangu kwamba wenzangu wanamaliza chupa mbili mimi namaliza moja. Yeye, ambaye kazi yake ni kufunga mizigo bandarini na si kufungua vikasha vya watu, alisema hongera.

Desemba shule zilipofungwa nikaenda Mahurunga kwa mama, peke yangu, kwa majuma mawili. Sikutaka kubeba chupa kubwa, kwa hiyo nikamimina maji kidogo kwenye kichupa kilichokwisha cha matone ya macho. Nilikisuuza kwanza kwa maji ya bomba, tena mara mbili, nikaona nimefanya la maana.

Korosho nyingi zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwenye chama cha ushirika. Zilizobaki uani ni zile za daraja la chini, ambazo mama anazichoma na kuzibangua mwenyewe, nyingine za kuliwa, nyingine za kuuza barabarani kwenye vifuko. Anazichoma juu ya bati lililotobolewa matundu, mafuta yanadondoka motoni, moshi unapanda mweusi, kisha anazimwaga juu ya mchanga zipoe. Baada ya hapo ni kukaa kwenye mkeka na rungu fupi, ganda moja pigo moja. Anapiga mara moja tu na punje inatoka nzima. Mimi nilipiga mara nne na ikatoka unga. Alinicheka, akaniambia nikafundishe watoto, lakini aliponiona nimekasirika akanisogezea fungu langu. Kabla sijaanza aliniamuru nivue lenzi kwa sababu ya moshi, nami nikaivua.

Alasiri tulipomaliza nilinawa kwa sabuni, nikajifuta, nikakaa kwenye kibaraza na kikasha changu, tayari kuvaa. Mama alikuwa anapepeta maganda. Akauacha ungo pale pale akaja.

"Nipe vidole," akasema.

Akavinusa kimoja kimoja. Kisha akakamata pindo jeupe la mtandio wangu, akalisugulia kwenye kidole changu cha shahada, na pale kwenye kitambaa ikabaki alama ya kahawia. Nilikuwa nimenawa mara mbili na sikuona kitu. Akanieleza kwamba sabuni inateleza juu ya mafuta ya korosho, haiyaondoi. Akanipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viganja, akanisugua, akanifuta kwa kitambaa kikavu, akaleta jivu akanisugua tena kwenye mikunjo na chini ya kucha, ndipo sabuni, ndipo maji ya kumimina. Akajaribu tena kwenye mtandio. Safari hii haikubaki alama. Hata hivyo akasema leo huvai, mpaka kesho, ngozi ikishatema yote.

Sikubisha sana, kwa sababu nilikuwa nimeona ile alama ya kahawia na nikafikiria ingetua wapi. Alasiri hiyo nilikaa kibarazani bila kuona mbali, nikisikia tu sauti ya ungo wake, na nilijisikia natunzwa. Yeye hajawahi kuona lenzi kabla ya yangu. Hakuhitaji kuijua. Alikuwa anajua mikono, na aliijua kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye, pamoja na waliosomea.

Kesho yake asubuhi alikaa karibu kunitazama nikivaa. Akauliza maji yale ni ya nini, nikamweleza kwa sauti yangu ya darasani. Akauliza kama yale ya jana nimeyamwaga. Nikasema hayamwagwi, yanaongezewa, ndiyo namna ya kubana matumizi. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha stoo, yalikosimama magunia mawili, moja limefungwa kwa kamba nyekundu na jingine kwa kamba ya katani. Moja ni la msimu uliopita, jingine la msimu huu. Lilikuwa na nafasi lile la zamani, kama nusu gunia nzima, na bado alikuwa ametafuta gunia jingine kwa za mwaka huu.

"Mpya siimwagi juu ya kuukuu," akasema. "Kama kuukuu ina wadudu, nimewapa chakula."

Hapo ndipo inabidi niseme ukweli kuhusu tabia yangu. Nilielewa, na nilikasirika kwa sababu nilielewa. Nikamwambia, kwa adabu lakini kwa ukali, kwamba hii ni dawa ya kiwandani, inaua wadudu, si gunia la korosho, na kwamba chupa nimeisoma mwenyewe. Uongo. Nilikuwa nimesoma jina na bei. Yeye akasema sawa mwanangu, akarudi kwenye ungo wake, nami nikaendelea kuongezea kama kawaida.

Siku ya nne tangu hapo niliamka jicho la kushoto likiwa limefunga. Nilipolifungua, mwanga wa mlangoni ulinichoma mpaka nikapiga magoti. Lilikuwa jekundu lote, linatiririka, na ndani yake nilisikia kitu kama chembe ya mchanga ambayo haitoki. La kulia, lile la chandarua, likabaki peke yake kunionyesha uani kwa mama mkwe kulivyo. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani. Sikuwa nafikiria maumivu, nilikuwa nafikiria daftari za darasa langu.

Jirani mmoja alikuja mbio, mama mwenye huruma, akashauri nikamuliwe jichoni maziwa ya mzazi aliyekuwa amejifungua nyumba ya tatu. Mwingine alisema maji ya chumvi ya uvuguvugu. Nilikuwa tayari kwa lolote. Mama aliwashukuru wote wawili, akawaambia jicho hili haliwekwi kitu mpaka aliyelivalisha aone. Hakupandisha sauti. Akaniuliza lenzi iko wapi, nikasema nimeivua na maji yale nataka kuyamwaga sasa hivi, nisiyaone tena. Akanikataza. Alichukua kikasha na maji yake ndani, akachukua kile kichupa, akavifunga pamoja kwenye leso na kuvitia kwenye kopo la biskuti. Alisema mtu akiumwa tumbo, sufuria haioshwi kwanza, hupelekewa mganga aone alichokula.

Tukapanda bodaboda, mimi katikati nimejifunika mtandio uso mzima, yeye nyuma na kopo lake mapajani, mpaka tulipopata gari la kwenda mjini. Njia nzima alinishika kiuno kama mtoto.

Daktari alinitia rangi ya njano jichoni, akanitazama kwa mashine yake. Kisha akasema kuna kidonda kwenye konea, kidogo, kiko pembeni, bado hakijafika katikati ninapoonea. Tumewahi. Kama ningengoja mpaka kesho yake, asingeniahidi kitu. Akauliza nimekuwa nikisafishaje lenzi, na kabla sijapata namna nzuri ya kulisema, mama akaweka kopo mezani na kulifungua. Daktari alikigeuza kikasha kwenye mwanga. Akamwonyesha mama, si mimi, utando mwembamba wa kijani uliokuwa umeshika ukingo wa ndani. Akachukua maji yale yakapimwe. Halafu akaanza kunieleza kwamba dawa ikishafanya kazi usiku mmoja nguvu yake imekwisha, na ukiongezea mpya juu yake unaidhoofisha na ile mpya, na vijidudu vilivyosalia vinabaki vinakula na kuzaana.

Mama hakunitazama. Ningekuwa mimi, ningemtazama.

Nililazwa kwanza siku mbili, kisha nikaruhusiwa kwenda nyumbani Rahaleo na matone ya kutia kila saa, mchana na usiku. Mume wangu alikuwa na zamu bandarini, kwa hiyo mama alibaki. Kila saa alinawa, kila saa, kana kwamba hajanawa kabla. Alikausha kwa taulo moja aliyoitenga na kumkataza kila mtu kuigusa. Alinivuta kope ya chini kwa ncha ya kidole chake, na kidole kile hakikuwa na mkwaruzo hata kidogo, laini kabisa, kikavu. Siku ya tatu nilianza kumwomba radhi kwa maneno niliyomjibu stoo. Alinikatiza.

"Mimi nilikuwa mjinga wa hivyo hivyo," akasema. "Msimu wangu wa kwanza mama yangu alinipa mafuta ya nazi nipake mikono kabla ya kubangua. Nikaona hasara, mafuta ni ya mboga. Nikayabana. Leo mashine inanikataa. Wewe umebana maji, na jicho lenyewe ulikuwa umebaki na moja."

Alitia tone, akafunga kizibo, akaniambia nifumbe. Nikafumba, na machozi yakatoka na dawa nusu. Akatia jingine bila kulalamika.

Kidonda kilipona. Kovu lipo, dogo, pembeni, na halinizuii kusoma. Siku ya kurudi kuangaliwa mama alikuja nami tena, na nakiri kwamba maswali ya maana yote aliyauliza yeye. Aliuliza ipi kati ya dawa zile ni rahisi na bado inaua. Daktari akaonyesha chupa ya maji ya chumvi safi ya hospitali, akasema hii ni rahisi kuliko zote lakini ni ya kusuuzia tu, haiui kitu, usilowekee humo. Akaonyesha nyingine yenye dawa kali inayochemka kama soda, inasafisha vizuri sana, lakini ina kikasha chake maalumu cha kuituliza na lazima ingoje saa zake zote, na ole wake atakayeitia jichoni moja kwa moja kutoka chupani. Mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akamwambia daktari huyu ni mtu wa haraka na anasahau, mpe ile ya kawaida. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Kwa hiyo ninatumia ya kawaida, ile iliyoandikwa kwamba ni ya lenzi ngumu, na nanunua chupa ndogo. Chupa kubwa niliyoiona rahisi ilikuwa inaisha muda ikiwa nusu, kwa hiyo nusu ya fedha nilikuwa nanunulia ugonjwa. Siimimini kwenye kichupa kingine, nikisafiri nasafiri na yenyewe. Lenzi haigusi maji ya bomba wala ya kisima wala mate. Naisugua kwa dawa kiganjani hata kama nina usingizi, asubuhi namwaga kila tone, nasuuza kikasha kwa dawa hiyo hiyo, nakiacha wazi kifudifudi juu ya karatasi safi kikauke. Kikasha kipya huja pamoja na chupa mpya, na cha zamani nakitupa hata kikionekana kizuri. Ukijumlisha, sitoi fedha nyingi kuliko nilizokuwa natoa kwa ujanja wangu.

Fedha yenyewe mama aliitafutia njia. Kwake miti ina wenyewe, hata ndani ya shamba moja, huu wa fulani na ule wa fulani. Aliporudi Mahurunga aliniita nikaenda, akanipeleka kwenye mkorosho mmoja ulio kando ya njia ya kisimani, mti mpana unaozaa mapema, akaupiga kofi shinani akasema huu ni wa jicho. Kila msimu korosho zake haziingii gunia lolote. Anazifungia peke yake, anaziuza peke yake, na kinachopatikana kinanunua chupa zangu za mwaka. Mimi ni mkwe tu katika nyumba ile. Nilisimama chini ya mti wangu nikakosa la kusema, jambo ambalo yeye alisema ni mara ya kwanza kuliona.

Chupa ninayotumia imeandikwa miezi mitatu tangu kufunguliwa, zipo nyingine zenye mwezi mmoja tu, ni lazima mtu asome yake. Mimi naandika tarehe kwenye chupa kwa kalamu. Mama hasomi tarehe, lakini hakukubali kuniachia jambo hilo peke yangu. Aliniagiza nifungue chupa mpya siku mwezi unapoandama, na yeye anahesabu. Mwezi ukiandama mara ya tatu, chupa imekwisha, hata kama imebaki nusu.

Juzi mwezi uliandama. Nilikuwa nasahihisha daftari mezani, jicho langu la kushoto likisoma hesabu za watoto mstari kwa mstari, simu ikaita. Sikuhitaji kutazama ni nani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, hakuuliza habari za nyumbani wala za mtoto wake.

"Wa tatu huu," akasema. "Imwage nikisikia."

Nikaenda nayo kwenye sinki, nikafungua kizibo, nikaweka simu karibu. Ilikuwa imebaki zaidi ya robo, na mkono wangu ulisita kidogo, sitadanganya. Kule Mahurunga alikuwa anangoja, kwenye laini iliyopatikana kwa kidole changu kwa sababu vyake viliisha kwa kubana matumizi. Nikamimina mpaka tone la mwisho, naye akasikiliza mpaka la mwisho, kisha akasema haya, rudi kwenye kazi yako, akakata simu.